Dakika za Unguja na Pemba

Nilizaliwa Wete, nikasoma Chake Chake, nikaingia mapema katika kazi ya kupanga safari za ndege ndogo za visiwani, na humo nikastaafu. Mzee aliyenifunza kazi hiyo amefariki mwaka huu, na wapo wanaodhani hoja yake imezikwa pamoja naye. Haijazikwa. Alishikilia kwamba muda wa safari haupatikani kwa kugawa masafa kwa mwendo wa ndege. Huhesabiwa tangu magurudumu yanapoanza kuzunguka hapa hadi yanaposimama kule.

Kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume, ambao wengi wetu bado tunauita Kisauni, hadi uwanja wa Pemba ni kilomita 125 hivi kwa mstari ulionyooka, yaani karibu maili 68 za baharini. Ndege ya Cessna Caravan ikienda maili 170 kwa saa, hesabu ya darasani inatoa dakika 24. Lakini ndege haiupati mwendo huo inaponyanyuka, na huuacha inapojipanga kutua. Tena njia ya kwenda Pemba inaelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo kaskazi huipinga ndege na kusi huisukuma. Upepo wa maili 20 ukiipiga puani, dakika 24 zinakuwa 27. Ukiwa mgongoni, zinashuka hadi 21 na nusu. Hapo bado hujahesabu kusubiri zamu Kisauni nyuma ya ndege kubwa za watalii, ambazo msukosuko wa hewa ziuachao humlazimu muongozaji kumzuia rubani wa ndege ndogo.

Vijana hunijibu kwamba setelaiti inaonyesha dakika zilizobaki bila kukosea. Inaonyesha kweli, lakini kwa mwendo wa wakati ule tu. Haijui kama utazungushwa angani kabla ya kutua. Wengine husema dakika kumi si kitu. Kwa safari ya Dar es Salaam na Mwanza, zaidi ya kilomita 800, labda. Hapa kwetu dakika kumi juu ya 24 ni mzigo mkubwa, na ndege ni ileile inayokwenda na kurudi: safari nne zikipungukiwa dakika kumi kila moja, wa safari ya tano wanaanza na deni la dakika 40. Jifunzeni kulikokotoa deni hilo kabla ya kuchapa ratiba!

Pingamizi ninaloliheshimu ni la watu wa biashara: ratiba ndefu humpeleka abiria kwa mshindani. Lakini mgonjwa wa Pemba mwenye miadi Mnazi Mmoja saa nne asubuhi hapangi siku yake kwa muda wa angani. Anataka kujua saa ngapi atashuka ngazi, na hilo ndilo analostahili kuandikiwa kwenye tiketi.