Daftari la Mangi

Katika Biblia yetu ya Kiswahili lipo neno moja ambalo haliniachi: "kuhesabiwa". Mtume Paulo anafundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo yake. Wanatheolojia wana maelezo marefu. Mimi niliyeishia kidato cha nne nalielewa kwa daftari la Mangi wa dukani kwetu. Umekopa unga, sukari, mafuta ya taa. Jina lako limejaa mistari. Anatokea mtu, analipa deni lote, Mangi anafuta na kusema, "Huyu hadaiwi." Mfukoni bado huna hata senti. Umehesabiwa tu!

Hilo ndilo lililomshika Martin Luther, yule mtawa wa Wittenberg, Ujerumani. Alifunga, akakesha, akaungama mara kwa mara, na moyo usitulie. Aliposoma upya Waraka kwa Warumi akaiona haki ya Mungu kuwa ni zawadi. Mwaka 1517, Johann Tetzel akiwa anauza vyeti vya rehema ili fedha zisaidie kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, Luther akaandika hoja 95 za kupinga. Yaliyofuata yaligawanya Ulaya.

Sasa msomaji mwenzangu, nisaidie hapa. Baba yangu mdogo, fundi viatu, alipofariki, mzee wa kanisa alifika msibani.

"Mama, kadi ya marehemu iko wapi?"

Mama akaitoa. Ahadi ya miaka miwili haikulipwa.

"Alikuwa kitandani, mzee. Angelipa na nini?"

"Utaratibu ni utaratibu, mama. Mchungaji hataweza kuja."

Tukamzika kwa sala ya jirani. Na kanisa hilo, ambalo jina lake nalihifadhi, limetundika picha ya Luther ofisini!

Wapo watakaonikumbusha Yakobo, aliyesisitiza matendo. Sawa. Yeye na Paulo wanamwita shahidi yuleyule, Ibrahimu. Sioni ugomvi. Aliyefutiwa deni ataonekana kwa jinsi anavyowatendea wanaomdai yeye. Matendo ni dalili, si bei. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko kwamba twakubaliwa na Mungu kwa neema, na neema hiyo huzaa matendo mema. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006.

Baba mdogo aliwashonea bure wanafunzi wasio na pesa. Sisemi hivyo ili apate mbingu kwa viatu. Hapo nitakuwa nimefungua daftari jingine. Nasema tu kwamba kadi ile haikumjua.

Mama bado anapeleka bahasha kila Jumapili. Nilimwuliza, mama, baada ya yote yale?

"Silipi, mwanangu. Nashukuru."

Natamani mzee yule angeelezwa tofauti ya maneno hayo mawili kabla hajaingia kwenye msiba mwingine.