Tulivyokwenda Kuoga Mwaka Makunduchi

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Nakaa Mwananyamala, Kinondoni. Mama yangu ni mtu wa Makunduchi, kusini ya Unguja. Julai 2023 nilikwenda naye huko, pamoja na mke wangu na watoto. Tulikwenda kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Tulivuka bahari kwa boti, kisha tukapanda daladala.

Kogwa maana yake ni kuoga. Watu huoga baharini ili kuondoa uchafu wa mwaka unaokwisha. Hesabu ya mwaka huu ilitoka kwa Waajemi, zamani sana.

Lakini mimi nilikuwa na kinyongo. Nilimkopesha mtoto wa mama mdogo shilingi 200,000. Yeye alisema amekwisha lipa. Mimi nilisema bado. Karatasi hatukuwa nayo. Ndugu msomaji, usinicheke. Kila wiki nawafundisha watu kuandika hati ya deni, na siku ile sikuandika hata herufi moja! Miaka miwili hatukusalimiana. Jina lake likitajwa, mama hunyamaza.

Siku ya sherehe wanaume hupigana uwanjani kwa mabua ya migomba. Watu wa kaskazini ya kijiji husimama upande mmoja, na wa kusini upande wa pili. Mwenye kinyongo hukitoa hapo. Mapigano yakiisha, ugomvi nao umekwisha. Wanawake huzunguka uwanja wamevaa nguo nzuri, wakiimba na kuwakejeli wanaume.

Mama ni wa kaskazini. Mama mdogo aliolewa kusini. Basi nilipoinua macho, nikamwona ndugu yangu mbele yangu, bua mkononi.

Nilimpiga begani. Akanipiga mgongoni. Bua la mgomba ni laini, lakini limejaa maji. Linauma. Tulipigana mpaka mabua yakachanika kama kamba. Akateleza, akaanguka. Nikampa mkono, akasimama. Mke wangu anasema nilipigwa zaidi mimi. Si kweli.

Baadaye kibanda cha makuti kilichomwa moto. Mtu alikuwa ndani, akatoka mbio. Watoto wangu walipiga kelele kwa hofu, kisha kwa furaha.

Usiku tulikwenda pwani, sisi na watu wa nyumba ya mama mdogo. Tulikaa mchangani tukila wali wa nazi na samaki. Ngoma ililia karibu. Ndugu yangu akasogea.

"Kaka, zile fedha nilikupa siku ya msiba wa baba. Zilikuwa ndani ya bahasha."

Nilishtuka. Bahasha ile naikumbuka.

"Mimi nilidhani ni rambirambi. Mbona hukusema?"

"Mtu hutaja deni msibani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba radhi mbele ya wote.

Mama ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Haya, kuleni," akasema. "Wali unapoa."