PlayStation au Xbox? Bei ya dukani siyo hesabu yote

Mjini Goma, kama vile Bukavu na Uvira, chumba chenye televisheni moja, mashine ya michezo na maneti mbili ni kazi inayoweza kulisha nyumba. Vijana hulipa kwa kila mechi. Anayeshindwa anasimama, mwingine anakaa. Ndiyo maana baadhi ya familia zilizokimbia vita, zikipata mtaji kidogo, huwaza kununua mashine badala ya kuuza makala au sambaza. Lakini mtaji huo ukipotea, hakuna mwingine. Kwa hiyo swali ambalo kwa wengine ni mabishano tu, kwao ni swali la chakula: PlayStation au Xbox?

Mwezi wa Novemba 2013 mashine mbili zilitoka kwa kushindana, juma moja kati yao. Nchini Marekani, PlayStation 4 ya Sony iliuzwa dola 399, na Xbox One ya Microsoft dola 499. Sababu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa Kinect, kamera inayofuata mwendo wa mwili na kusikia sauti, ambayo mnunuzi alilazimika kuichukua katika karatoni moja na mashine. Wengi hawakuihitaji. Juni 2014 Microsoft ikaanza kuuza Xbox One bila kamera hiyo, kwa dola 399, sawa na mpinzani wake.

Lakini kulikuwa na jambo zito kuliko dola 100. Mwanzoni mwa Juni 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One itapaswa kuingia kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo michezo inafungwa. Wachezaji walilalamika, na mwezi huohuo kampuni ikarudi nyuma. Hata hivyo mashine mpya ilihitaji intaneti mara ya kwanza kabla ya kuanza kazi. Na katika nchi 13 ilikouzwa kwanza, hakuna hata moja ya Afrika. Mtu anayenunua mega kwa kuhesabu franka anaelewa maana yake.

Kucheza na mtu wa mbali pia kulilipiwa kila mwaka: dola 60 kwa Xbox na 50 kwa PlayStation wakati ule. Gharama hii chumba cha mtaani kinaweza kuiepuka, kwa sababu wapinzani wanakaa kwenye benchi moja.

Kuna mshindani wa tatu ambaye matangazo hayamtaji tena: PlayStation 2, ya mwaka 2000. Ziliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani. Ile nyembamba haifiki wati 50, wakati PlayStation 4 ya kwanza hupita wati 130 mchezo ukikolea. Kwa anayetegemea betri ya sola, hiyo ni tofauti ya saa nyingi za kazi. Ubaya wake ni kwamba imezeeka. FIFA 14 na PES 2014 ndizo zilikuwa za mwisho kwake. Kijana anayemtaka Mbappé hatamkuta humo, na jicho linalosoma CD huchoka.

Baba mmoja aliyehama Rubaya na kupanga chumba Ndosho alikuwa na pesa za PlayStation 4 moja ya mkono wa pili, au PlayStation 2 tatu. Mpwa wake alimsihi achukue ile mpya, maana wateja wakubwa watakwenda kwa jirani. Fundi alimuuliza jambo moja tu: ikiharibika, atakula nini wakati inatengenezwa? Baba huyo alikuwa amechimba koltani, madini yanayotoa tantali ya kutengenezea vifaa vya namna hii. Alijua tangu mlimani kwamba bei na thamani si ndugu wa tumbo moja. Akachukua PlayStation 2 mbili, pesa zilizobaki akanunua televisheni ya pili na maneti za akiba.

Mpwa hakukosea. Jioni vijana wakubwa huenda kwingine. Lakini mchana watoto hujaa, wanalipa kidogo kidogo, na mashine moja ikilala kwa fundi, nyingine inafanya kazi.

Mwenye mteja wa watu wazima na umeme wa kuaminika anaweza kuchagua PlayStation 4, hata Xbox One, akapata faida. Ila kabla ya kutoa pesa, aiwashe saa nzima palepale, bila intaneti, kwa CD yake mwenyewe. Aulize maneti ya pili inauzwa ngapi, na ni fundi gani mtaani anayeijua. Tena apime kama inaweza kubebwa mgongoni pamoja na mtoto, siku ikibidi kuhama tena.