Feni Iliyonyamaza

Kwa mkazi wa pwani, kipasha joto ndani ya gari ni kichekesho. Songea haikicheki. Mji huo umekaa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara yake ya kaskazini hupanda hata Njombe, karibu mita 2,000. Katika Juni na Julai dereva aondokaye alfajiri hukabiliwa na ukungu wa namna mbili: mmoja nje, juu ya barabara, mwingine ndani, pumzi za abiria zigusapo kioo cha baridi zikageuka umande. Hapo feni ya joto si anasa. Ikinyamaza, dereva huendesha kwa mkono mmoja, kitambaa katika mkono wa pili, na roho za watu kati yake.

Joto hilo ni la maji yapozayo injini. Hupitishwa katika rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, na feni huipuliza hewa kupitia hapo mpaka kiooni. Basi swali la kwanza ni hili: upepo upo ila ni baridi, au haupo kabisa? Kama upo, feni haina hatia; maji ndiyo yachunguzwe. Kama haupo, umeme ndio uulizwe.

Fundi mwenye pupa hununua mota mpya kwanza. Mwenye busara huanza na kilicho karibu na rahisi: hutazama fyuzi, kisha swichi, kisha hupima kwa taa ndogo kama umeme unafika kwenye mota. Ukifika, na waya wa kuurudisha ni mzima, mota ndiyo mbovu. Usipofika, kasoro imo njiani. Na feni izungukayo kwa kasi ya mwisho tu, ikagoma katika kasi ndogo, aghalabu imeunguliwa na rezista, kipande kipunguzacho umeme, wala si mota.

Lakini mtihani mkubwa si wa akili, ni wa moyo. Fyuzi imekatika, duka li mbali, abiria wananung'unika. Kikaratasi cha bati kutoka pakiti ya sigara chaweza kuizungusha feni mara moja. Ndipo hatari ilipo. Fyuzi haikukatika bure: yamkini mota imekaza kwa vumbi na majani, au waya uliochubuka umegusa bodi. Anayeinyima fyuzi ruhusa ya kukatika huupeleka moto kwenye nyaya zilizofichika, ambako hakuna aonaye mpaka moshi utoke.

Dereva mwaminifu hushusha kioo cha pembeni kidogo, hewa ya nje ikaingia, akapunguza mwendo, akavumilia baridi na lawama mpaka apate fyuzi ya kipimo kile kile. Abiria watashuka wakitetemeka, wakimsengenya, lakini watashuka.