Mazoezi Ambayo Hakuna Aliyeyaona



Umewahi kujua kabisa kwamba unaweza kazi fulani, halafu ukaambiwa ukae kando? Basi sikiza habari za dada yetu katika Kristo, Tammie Jo Shults.

Alikulia New Mexico, Marekani, akitazama ndege za kivita zikipita juu ya shamba lao. Akatamani kuzirusha. Jeshi la Anga halikumpa nafasi. Mwaka 1985 akaingia Jeshi la Majini, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kurusha F/A-18 Hornet. Lakini wakati ule mwanamke hakuruhusiwa kurusha ndege vitani. Kazi yake ikawa kufundisha, na kujifanya adui angani ili wengine wafanye mazoezi. Mwaka 1993 akaacha utumishi wa muda wote jeshini, kisha akawa rubani wa ndege za abiria. Ungesema hadithi imeisha.

Tarehe 17 Aprili 2018 alitoka New York akiwa na watu 149 ndani ya ndege. Dakika ishirini hivi baadaye injini ya kushoto ikapasuka, vipande vikavunja dirisha. Mama mmoja alipoteza maisha, na familia yake tunaiombea hata leo. Lakini Tammie Jo na rubani mwenzake, Darren Ellisor, waliishusha ndege Philadelphia kwa injini moja, na watu 148 wakarudi kwao. Sauti yake redioni ilikuwa tulivu. Baada ya kutua alipita kati ya viti akizungumza na abiria.

Mpendwa, utulivu ule haukuanza siku ile. Ulijengwa miaka aliyowekwa kando. Soma 1 Samweli 17: kabla ya Goliathi kulikuwa na simba na dubu, na huko malishoni hakukuwa na mtu wa kumpigia Daudi makofi.

Nami lazima nikiri. Kuna dada kanisani kwetu aliyeniomba nafasi ya kuhubiria vijana. Nilimwambia angoje. Akauliza, "Pasta, ningoje nini?" Nikakosa jibu. Jumapili hii nitamtafuta nimwombe msamaha.

Kwa hivyo, wewe uliyefungiwa mlango, usiache mazoezi. Na wewe uliyeshika ufunguo kama mimi, jiulize ni nani umemweka nje, na kwa nini.

Bwana, tutayarishe kwa siku tusiyoijua. Utusamehe tuliowazuia watumishi wako.

Kama ombi hili ni lako, andika AMINA. Mbarikiwe.