Hali salama iliyonikosesha usingizi

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, na baadhi yenu mmeshaanza kusema labda nimedisko kimyakimya. Hapana jamani, bado nipo Mabibo, bado napiga msuli, na jana nimekula wali maharage kama raia wengine. Kilichonipata ni simu. Kaeni niwasimulie, kwa sababu najua kuna mmoja kati yenu yatamkuta, na sitaki alie kama nilivyolia mimi.

Ilikuwa Alhamisi. Simu iliniishia chaji nikiwa kwenye vimbweta, nikarudi hosteli nikakuta umeme hakuna. Uliporudi saa mbili usiku nikachomeka, nikasubiri ifike asilimia kumi, nikawasha. Ikawaka vizuri tu. Ila pale chini kwenye kona ya kushoto pakatokea maandishi madogo: Hali salama. (Simu yangu naitumia kwa Kiswahili. Mwalimu mtarajiwa wa Kiswahili akitumia simu ya Kiingereza atamfundisha nani?)

Nikajisemea, hali salama si jambo jema hilo? Kumbe mwenzenu sijui kinachokuja. Natafuta WhatsApp, haipo. Natafuta kamusi, haipo. Ile saa kubwa niliyoiweka mbele ya kioo imeyeyuka. Kilichobaki ni kupiga simu, meseji, kamera, galari, kikokotoo na vile vingine vilivyokuja na simu kutoka dukani. Vyote nilivyopakua mwenyewe vimeondoka. Na kimoja kati ya hivyo ndicho kilichonifanya nikae chini sakafuni: programu ya kurekodia sauti.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Mnajua tupo mwaka wa tatu na kila mtu anahangaika na utafiti wake. Wangu ni bembelezi, zile nyimbo za kuwalaza watoto. Likizo iliyopita nilikwenda Pangani nikawarekodi akina mama na mabibi, nikapata rekodi 17. Rekodi namba 11 ni ya bibi mmoja aliyekuwa anakaa nyuma ya msikiti, anaimba huku amekaa kwenye mkeka, na katikati ya wimbo anasimama kumfukuza kuku anayedonoa mchele wake, anamtukana kidogo, kisha anaendelea na wimbo palepale alipoachia. Bibi huyo alifariki mwezi wa tatu. Mjukuu wake ndiye aliyenipigia kunipa taarifa, akaniomba nikipata nafasi nimtumie ile sauti, kwa sababu wao wenyewe hawana hata moja. Nikasema sawa mdogo wangu, nitakutumia. Sikumtumia. Nilikuwa na mitihani, halafu nikawa na uvivu, mambo ndo yakaishia hivo.

Nakala nyingine? Hakuna. Msinitazame hivo. Na nyinyi madesa yenu yote yapo kwenye flashi moja ya kuazima.

Basi nikafanya lile ambalo kila Mtanzania anafanya: nikazima, nikawasha. Hali salama. Nikazima tena, nikasali, nikawasha. Hali salama. Mara ya tatu nikaiacha imezimwa nusu saa ipoe, labda imechoka. Ikarudi na maandishi yake yaleyale. Mwenzangu wa chumba akanishauri nilale, kesho niende kwa fundi. Nikalala wapi sasa? Jumatatu nilitakiwa nimpelekee msimamizi wangu unukuzi wa nyimbo zote, na nilikuwa nimenukuu sita tu.

Ijumaa asubuhi nikaruka kipindi cha Yombo nikaenda kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja. Kaka wa watu akaishika simu, akaigeuza mara mbili, hakuniuliza chochote. Akasema, "Dada, hii imeingiwa na virusi. Inabidi niiflashi. Elfu ishirini." Nikamuuliza vitu vyangu je? Akasema, "Vitu vitaondoka, lakini simu itapona." Na kweli akashachomeka waya. Mimi nimesimama pale na elfu kumi na nane mkononi, bumu halijatoka, natafuta wa kumkopa buku mbili ili nilipie kufutiwa sauti ya marehemu. Yaani nikikumbuka nacheka, ila siku ile sikucheka.

Sijui nini kilinishika. Nikamwambia kaka naomba nirudishie kwanza, nikafikirie. Akanirudishia kwa dharau, akasema, "Utarudi tu."

Nikakaa kwenye kivuli cha mwembe jirani na kituo cha daladala, nikampigia mdogo wangu Tanga. Sasa huyu mdogo wangu, niseme ukweli. Alipomaliza kidato cha nne alipata ziro, na nyumbani tulimsema sana, mimi nikiwa wa kwanza. Siku hizi anakaa kwenye kibanda anatengeneza redio na feni, na simu ndogo ndogo. Mimi msomi wa chuo kikuu sikuwahi kumwuliza hata siku moja kazi yake ikoje. Akapokea mara moja.

"Shikamoo dada. Kuna tatizo gani?"

Angalieni hapo. Hakusema habari za siku nyingi. Alisema kuna tatizo gani. Nikamweleza yote kwa mkupuo mmoja. Akaanza kuniuliza maswali, taratibu, kama daktari. Simu imeanguka? Hapana. Imelowa? Hapana. Uliweka programu yoyote mpya wiki hii? Hapana. Anaongea, mimi namsikia anafifia, anafifia, mpaka nikawa naambulia mlio wa nyuki tu. Nikapiga kelele, "Sikusikii! Mtandao wako mbovu!" Nikapandisha sauti, akarudi. Baada ya muda akafifia tena.

Akasema, "Dada, mimi nakusikia vizuri sana. Sauti inashuka yenyewe, si ndiyo? Ukiangalia kioo, ule mstari wa sauti unajitokeza bila wewe kugusa?"

Nikanyamaza. Kweli. Kama wiki nzima ulikuwa unajitokeza wenyewe, nikadhani ni mapepo ya kawaida ya simu. Akaniuliza tena, "Na kwenye galari, kuna picha nyingi za kioo ambazo hukupiga?" Nikafungua galari. Skrinishoti 43! Picha ya saa, picha ya meseji ya vocha, picha ya kioo kitupu. Nikamwambia zipo. Akacheka. "Basi simu yako nzima, dada. Kitufe cha kupunguza sauti ndo kimekwama."

Akanieleza, nami nawapeni kama alivyonipa. Hiyo hali salama si ugonjwa, ni kipimo. Simu za Android zimewekewa njia ya kuwaka zikiwa na vile tu vilivyotoka nazo kiwandani, na vyote ulivyopakua vinazuiwa visifanye kazi. Maana yake ni hii: kama simu inakwama kwama au inajizima, unaiwasha katika hali salama. Ikitulia, ujue mkorofi ni programu mojawapo uliyoipakua, unaondoa ya mwisho mwisho hadi umpate. Ikiendelea kusumbua hata humo, ujue tatizo lipo kwingine. Programu ulizopakua hazijafutwa. Zimefungiwa nje tu, na vitu vyake vyote vipo palepale.

Na kwenye simu nyingi, njia mojawapo ya kuingia humo ni kushikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati simu inawaka. Mimi sikushikilia, ila kitufe kilikuwa kimejishikilia chenyewe. Ndiyo maana kila nikizima na kuwasha, narudi kulekule. Hizo skrinishoti nazo zina sababu hiyohiyo: kitufe cha kuzimia na cha kupunguza sauti vikibonyezwa pamoja, simu inapiga picha ya kioo. Kila nilipotaka kufunga simu, yenyewe ikadhani nataka picha.

"Una kava?" Ninalo, nimelinunua jipya kwa elfu tano, la kubana kwelikweli, linapendeza. "Livue." Nikalivua. "Sasa bonyeza cha kuongeza, halafu cha kupunguza. Vinalingana?" Cha kuongeza kilifanya ki! kikarudi. Cha kupunguza kilikuwa kimezama kama jino bovu, hakina mlio. Akaniambia nizime simu, nirudi chumbani, nitafute mswaki mkavu usio na kazi, nisugue pembeni mwa kile kitufe taratibu na kukibonyeza mara nyingi mpaka kisikike. Akanionya: usitumie maji, wala usichokonoe na sindano, utaharibu tundu la maikrofoni bure.

Nikarudi hosteli mbio. Nikasugua. Mkatoka ungaunga mweupe, nadhani ni poda yangu pamoja na jasho la Dar es Salaam. Baada ya kubonyeza kama mara thelathini kikalia ki! Nikaishikilia simu kwa ncha za vidole, nisiguse pembeni hata kidogo, nikawasha.

Kona ya kushoto ilikuwa tupu.

WhatsApp ikarudi na meseji 312 za grupu la darasa, nyingi zikiuliza kipindi kipo au hakipo. Sikuzijali. Nikafungua rekodi, nikahesabu: 17. Nikabonyeza namba 11. Bibi akaimba, kuku akaja, bibi akamtukana, wimbo ukaendelea. Mwenzangu wa chumba alinikuta nalia akadhani matokeo yametoka.

Jioni hiyohiyo nikatengeneza nakala tatu: kadi ya simu, kompyuta ya mwenzangu, na nyingine nikaipandisha mtandaoni kwa waifai ya chuo. Ya nne nikamtumia mjukuu wa Pangani. Alinijibu kwa sauti, dakika nzima, na nyuma yake nasikia mama yake anasema weka tena, weka tena. Jumatatu msimamizi nikampelekea nyimbo kumi na nne, akagomba kwa hizo tatu, sawa tu.

Sasa kwa wale mnaosoma harakaharaka, mkikutwa na haya fanyeni hivi kwa mpangilio:

1. Zima na uwashe kawaida. Mara nyingi inatosha. Simu nyingine zinaweka taarifa juu ya kioo, unaigusa tu inakutoa.

2. Ikirudi humohumo, vua kava, kagua vitufe vya pembeni. Kilichozama kisafishe, simu ikiwa imezimwa.

3. Ukihitaji hela wakati huo, ile menyu ya nyota mia na hamsini inafanya kazi, maana inategemea laini. Mimi nilinunulia vocha ya kumpigia mdogo wangu.

4. Kurudisha simu ilivyotoka kiwandani, au kuflashi, kuwe kwa mwisho kabisa. Na uwe umeshatoa nakala ya vitu vyako.

5. Fundi asiyeuliza swali hata moja, mpe shikamoo uondoke.

Hiyo namba tano inanihusu na mimi. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha, kidato cha pili walifeli jaribio langu la historia, karibu darasa zima. Nikaamua hawajui kitu, nikarudia mada yote kutoka mwanzo, wiki mbili. Wakafeli tena. Monita ndiye aliyeniambia mwishoni kuwa mada wanaijua, ila hawakuelewa maneno mawili ya Kiingereza kwenye swali. Mawili tu! Mimi niliflashi darasa zima bila kuwauliza kitufe kipi kimekwama.

Na mdogo wangu? Ile Ijumaa kabla hajakata simu nilimshukuru, nikamwambia nitamtumia ya soda. Akasema, "Usijali dada. Ila siku hizi unapiga ukiwa na shida tu." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nikakosa la kujibu.

Juzi Jumapili nikampigia. Akapokea, "Shikamoo dada. Kuna tatizo gani?" Nikamwambia marahaba, hakuna tatizo lolote, nataka kujua hizo feni zinaharibikaga nini. Kukawa kimya kidogo, nikadhani sauti imeshuka tena. Kisha akaanza kunieleza. Tuliongea dakika arobaini, bando likakata.

Haya wadau, kimbweta kinaniita. Kagueni vitufe vyenu, tengenezeni nakala leo, siyo kesho. Tukutane hapahapa wiki ijayo, Mungu akipenda na umeme ukiwepo.