Chui wa Unguja

Mgeni afikae mjini Unguja hakosi kupita Darajani. Daraja lenyewe halipo tena. Mkono wa bahari uliokuwa ukitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo umekwisha fukiwa, bali jina limesalia. Hapo pana soko lililojengwa mwaka 1904, na watu wa shamba huja na mihogo yao, ndizi, samaki na viungo. Pamoja na bidhaa huja khabari, na miongoni mwa khabari zisizochakaa ni hii: kwamba chui ameonekana. Huyu husimulia nyayo alizoziona alfajiri kando ya konde, na yule mbuzi aliyekutwa ameraruliwa.

Jee, ndugu msomaji, khabari hizi ni za kweli? Natutoke hapa sokoni twende tukatazame.

Ukiifuata njia kuu kuelekea kusini utafika Mnazi Mmoja, lilipo jengo la Beit el Amani, lililofunguliwa mwaka 1925 kuwa nyumba ya makumbusho. Miongoni mwa vitu vilivyohifadhiwa na Makumbusho ya Zanzibar yumo chui wa Unguja, amekaushwa na kusimamishwa kama alivyokuwa hai. Basi asidhani mtu kuwa chui huyu ni hadithi ya bibi na wajukuu. Alikuwapo. Ni mdogo kuliko chui wa bara, na madoa yake ni madogo yaliyokaribiana. Mwaka 1932 mtaalamu wa Kiingereza, R. I. Pocock, alimpambanua na chui wengine, akampa jina la kitaalamu la adersi, kwa kumkumbuka Dokta Aders aliyekuwa mtaalamu wa viumbe katika serikali ya Unguja. Zamani sana Unguja ilikuwa imeungana na bara. Bahari ilipopanda, chui akabaki kisiwani. Pemba ilikwisha jitenga kabla ya hapo, ndiyo maana haikuwa na chui.

Sasa na tushike njia ya kusini na mashariki mpaka msitu wa Jozani, maskani ya kima punju, uliofanywa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004. Kama chui yupo, mtu angelitaraji kumkuta hapa. Mwaka 2003 wataalamu walitega kamera msituni humo, zenye kujipiga zenyewe mnyama anapopita. Zilimpata kanu, mnyama mdogo mwenye madoa, chui hazikumpata. Mwaka 2018 wapiga picha wa televisheni ya Marekani walitangaza kuwa wamempata katika picha ya usiku, lakini picha ile moja haikutosha kulimaliza jambo. Wataalamu wengi wanaona kuwa amekwisha toweka.

Ametowekaje? Sababu ya kwanza ni ya dhahiri: watu waliongezeka, misitu ikafyekwa ikawa makonde, naye chui akakosa mawindo akaingia mabandani. Lakini ipo sababu ya pili, nayo ndiyo yatupasayo sisi kuizingatia. Watu wengi wa shamba waliamini kuwa chui ni wa namna mbili: wa mwituni, na wa kufugwa na wachawi, ambao humlisha na kumtuma kwa adui zao. Kwa hiyo kila mbuzi alipoliwa, haikuulizwa tu chui yuko wapi. Iliulizwa ni chui wa nani. Na jawabu lilikuwa jina la jirani, pengine mzee mpweke asiye na wa kumtetea. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ilipita kampeni kubwa mashambani, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, ya kuwafichua wachawi na kuwaua chui kwa pamoja. Tangu hapo chui aliendelea kuwindwa, hata hakuonekana ila kwa maneno.

Enyi vijana, litazameni jambo hili kwa jicho la dini yenu. Katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuihakikishe khabari tuletewayo, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na humo humo ametukataza kudhaniana vibaya na kupelelezana. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametusimulia mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Ikiwa hesabu ya paka mmoja ni nzito hivyo, itakuwaje hesabu ya mnyama aliyemalizwa asisalie hata mmoja? Na itakuwaje hesabu ya jirani aliyezuliwa?

Mwenye mbuzi alikuwa na haki ya kulinda mali yake, na mzazi kulinda mtoto wake. Hayo hayana lawama. Lawama ni ya dhana. Chui amekwenda, lakini dhana ingali hai, na mara nyingi khabari ya nyayo ikifika sokoni hufuatwa na jina la mtu. Basi utakapoisikia Darajani, uliza aliyeona ni nani na ameona nini. Na likitajwa jina la mja, likomee kwako.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi na shari ya ndimi zetu. Amin.